Harvey Cushing, munganga aliyepigana na damu ndani ya kichwa

Mwanzoni mwa karne ya 20, mtu mwenye uvimbe ndani ya kichwa alikuwa na njia mbili tu. Abaki nyumbani, aumwe kichwa na kupoteza macho polepole mpaka kufa, ama akubali kupasuliwa akijua kwamba anaweza kufia palepale mezani. Waganga wengi walikataa hata kugusa. Kisu walikuwa nacho, mikono hodari pia. Shida ilikuwa damu: ikianza kutoka ndani ya fuvu, karibu hakuna aliyejua ginsi ya kuifunga.

Harvey Williams Cushing alitumia karibu maisha yake yote juu ya shida hiyo. Alizaliwa tarehe 8 mwezi wa 4 mwaka 1869 huko Cleveland, katika jimbo la Ohio nchini Marekani, mtoto wa kumi na wa mwisho. Baba yake alikuwa munganga, babu yake vilevile, kwa hiyo nyumbani hakuna aliyeshangaa kijana alipochagua njia ileile. Alisoma Yale mpaka 1891, kisha akaingia shule ya waganga ya Harvard, akamaliza 1895.

Lakini ilibaki kidogo aache kazi kabla haijaanza. Wakati ule, wanafunzi njo walikuwa wanapewa kazi ya kulaza mgonjwa kwa eteri, bila kufundishwa sana. Siku moja Cushing aliitwa kumlaza mtu aliyekuwa na hernia iliyojifunga, mbele ya wanafunzi wenzake. Mtu yule akafa mezani. Upasuaji uliendelea sawa vile hakuna kilichotokea, na wakubwa wakamwambia mambo hayo yanatokea. Kijana alitoka pale akifikiri kuacha uganga kabisa.

Hakuacha. Pamoja na mwenzake, Amory Codman, alianza kuandika kwenye karatasi mapigo ya moyo na pumzi za mgonjwa, kila dakika chache, tangu eteri inaanza mpaka mgonjwa anaamka. Leo karatasi hiyo iko katika kila chumba cha upasuaji, hata kwenye lopitali ndogo za mashambani, na mtu wa dawa ya usingizi anaijaza bila kuuliza ilitoka wapi. Ilitoka kwa mwanafunzi aliyeogopa kuua mtu wa pili.

Mwaka 1896 alienda Baltimore, kwenye lopitali ya Johns Hopkins, kufanya kazi chini ya William Halsted. Huyu alikuwa mtu wa ajabu (aliteswa miaka mingi na kokeini, kisha morfini), lakini kwa upasuaji hakukuwa na mwalimu kama yeye. Ni Halsted aliyeleta kule glavu za mpira. Na wakati waganga wengine walikuwa wanashindana nani amemaliza haraka, yeye alikuwa anaenda polepole: shika nyama kwa upole, funga kila mshipa mdogo kabla ya kusonga mbele, usiache damu ikusanyike. Wengine walimcheka. Cushing alitazama, akashika.

Mwaka 1900 alipanda meli kwenda Ulaya. Kule London alimwona Victor Horsley, mpasuaji wa ubongo aliyejulikana sana, akifanya kazi kwa mbio ambayo Cushing hakuipenda. Lakini Horsley huyohuyo alikuwa ametoa dawa moja nzuri: nta ya nyuki iliyochanganywa na mafuta, ya kupaka kwenye mfupa wa fuvu unapotoa damu. Nta hiyo inatumika mpaka leo.

Kutoka hapo alifika Bern, Uswisi, kwa munganga Theodor Kocher. Akafanya majaribio juu ya wanyama: akaongeza mgandamizo ndani ya fuvu na kuangalia damu inafanya nini. Aliona kwamba mgandamizo ukipanda kichwani, tansio nayo inapanda kusudi damu iendelee kufika kwenye ubongo, na moyo unapunguza mwendo. Jambo hili si la vitabu tu. Mtu ameanguka kwenye pikipiki, kichwa kimepigwa, halafu tansio yake inapanda huku mapigo ya moyo yanashuka: infirmie aliyesoma vizuri anajua kwamba damu inaweza kuwa inajaa ndani ya fuvu na hakuna wakati wa kupoteza. Dalili hiyo inaitwa kwa jina la Cushing.

Mwaka 1901 akapita Pavia, Italia. Huko waganga walikuwa wanatumia chombo cha Scipione Riva-Rocci, mfuko wa mpira unaofungwa kwenye mkono na kujazwa hewa ili kupima tansio. Cushing alikichora, akakipeleka Baltimore. Waganga kule walikuwa wanatosheka kushika mkono na kuhesabu mapigo kwa kidole, na wengine walisema chombo hakina faida. Tunajua ilivyoishia: leo mama mwenye mimba hawezi kutoka kwenye sentre ya afya bila kufungwa kitambaa hicho. Kwa Cushing, kilikuwa namna ya kujua, wakati mgonjwa amelala, kama damu anayopoteza inaanza kumshinda.

Aliporudi alioa Katharine Crowell mwaka 1902, wakazaa watoto 5. Na akasema wazi kwamba kazi yake itakuwa kichwa. Wakubwa hawakumtia moyo sana. Wagonjwa wa uvimbe wa ubongo walikuwa wachache, na wengi wao walikufa.

Damu ya kichwa inatoka kwa ngazi, na Cushing alipigana nayo ngazi kwa ngazi. Ya kwanza ni ngozi. Kila mama anajua, mtoto akijigonga kichwa damu inamwagika kupita kiasi. Basi alifunga mpira kuzunguka kichwa chote, na kufikia 1904 akaufanya wa kujazwa hewa, mtoto wa kile kitambaa cha Pavia. Ngazi ya pili ni mfupa, na hapo kulikuwa nta. Ngazi ya tatu ni ndani kabisa, kwenye ubongo wenyewe. Hapo uzi hausaidii. Mshipa uko chini, ndani ya shimo jembamba, ni laini sawa karatasi yenye maji. Ukijaribu kufunga fundo, unaupasua zaidi.

Mwaka 1911 alitoa jibu lake kwa maandishi. Alitengeneza vibanio vidogo vya waya wa madini ya fedha, vilivyokunjwa kama herufi U. Munganga anakishika kibanio kwa koleo refu, anakipeleka mpaka kwenye mshipa, anabana, anakiacha humohumo. Fedha haisumbui mwili, na inaonekana kwenye picha ya radio, kwa hiyo hata miaka baadaye unaweza kuona uliziba wapi. Katika maandishi hayohayo alieleza kitu kingine, cha bei rahisi kuliko fedha: kipande cha msuli wa mgonjwa mwenyewe. Ukikiweka juu ya mahali panapotoa damu na kukandamiza, damu inaganda haraka. Wengi walikumbuka vibanio wakasahau msuli. Walikosea, na tutaona kwa nini.

Na kama damu ilikataa kabisa? Cushing alifunga kichwa na kungoja. Alipasua mara mbili, siku kadhaa katikati, kusudi mgonjwa arudishe nguvu. Hivyo njo alivyofanya mwaka 1910 kwa Leonard Wood, jenerali mkubwa wa jeshi la Marekani, aliyekuwa na uvimbe juu ya ubongo. Mara ya kwanza damu ilikuwa nyingi, akafunga. Siku chache baadaye akarudi, akautoa. Wood akapona, akaongoza jeshi, hata akafikiriwa kuwa raisi.

Mahali pabaya kuliko pote ni chini, kwenye sakafu ya fuvu. Nyuma kabisa ya pua, katikati ya kichwa, kuna tezi ndogo sawa punje ya haragi inayoitwa ipofizi. Ndogo hivyo, lakini inaongoza kukua kwa mwili, kuzaa, maziwa ya mama na mengine mengi. Ikivimba, inakandamiza mishipa ya macho na mtu anaanza kuwa kipofu. Wengine mikono, miguu na taya vinakua bila kusimama. Tezi hiyo imekaa ndani ya kikombe cha mfupa, na upande wa kuume na wa kushoto inapita mishipa miwili mikubwa, karotidi, inayotoka shingoni kupeleka damu kwenye ubongo. Kati ya kisu na karotidi, milimita chache.

Karotidi ikitobolewa pale, shimo lote linajaa damu kwa sekunde. Munganga haoni tena kitu. Akikosa kuifunga, mgonjwa anakwisha damu. Akiifunga kabisa bila kujua kama mshipa wa upande wa pili unatosha, nusu ya ubongo inaweza kukosa damu, na mtu anaamka amepooza upande mmoja, ama haamki. Ni kama bomba la maji la mji: limepasuka, lakini huwezi kulifunga tu, kwa sababu watu wote wanakunywa kwalo.

Mtu wa kwanza kupita puani mpaka kwenye ipofizi alikuwa Hermann Schloffer, huko Innsbruck, mwaka 1907. Cushing alifuata mwaka 1909, kwa mkulima aliyekuwa na ule ugonjwa wa kukua mikono na taya, na mtu yule akapata nafuu. Mwaka uliofuata akabadili njia: akakata chini ya mdomo wa juu, akapandisha mpaka puani, akafuata ukuta unaogawanya pua. Mgonjwa hakubaki na kovu usoni. Lakini faida kubwa ilikuwa ingine. Ukuta ule uko katikati. Anayeufuata anafika katikati ya kikombe, na karotidi ziko pembeni. Anayepotea hata kidogo upande mmoja, anaelekea kwenye mshipa.

Kabla ya kupasua alipiga picha za radio kuona kikombe kimepanuka kiasi gani, akapima macho ya mgonjwa kwa uangalifu. Baada ya kupasua alichora kwa mkono wake alichokiona. Kati ya 1910 na 1925 alipasua wagonjwa 231 kwa njia hiyo, na waliokufa walikuwa 5.6 kwa 100. Kumbuka ni wakati gani: hakuna antibiotiki, hakuna skana, na mwanga wake ni taa iliyofungwa kwenye paji la uso.

Jambo lingine la heshima, labda kubwa kuliko vibanio: aliandika makosa yake. Watafiti waliosoma majalada yake ya Johns Hopkins, karibu miaka 100 baadaye, walikuta ameandika bila kuficha pale mkono wake ulipoteleza, pale alipofungua upande usiofaa, pale alipochelewa kuamua. Wapasuaji wengi wa wakati ule walitangaza walioponya tu. Hata hivyo hakuwa mtu rahisi. Waliofanya kazi naye walilia. Aliwakemea wasaidizi na mainfirmie mbele ya watu, na nyumbani hakuonekana sana. Mke wake alilea watoto karibu peke yake.

Mwaka 1912 alihamia Boston, kwenye lopitali mpya ya Peter Bent Brigham. Vita ya kwanza ya dunia ilimkuta huko. Mwaka 1917 alikuwa nyuma ya mstari wa mbele wa Passchendaele, Ubelgiji, akipasua askari waliopigwa kichwani, akitoa vipande vya chuma kwa kutumia sumaku. Kwa miezi 3, waliokufa kati ya waliochomwa mpaka kwenye ubongo walishuka kutoka zaidi ya nusu mpaka karibu 29 kwa 100. Usiku mmoja wa mwezi wa 8 walileta kijana ambaye yeye alimjua: Revere, mtoto wa William Osler, munganga aliyekuwa kama baba kwake. Hakupona. Baadaye Cushing aliandika kitabu juu ya maisha ya Osler, kikapata tuzo ya Pulitzer mwaka 1926.

Mwaka huohuo wa 1926, mwezi wa 6, mtoto wake wa kwanza, William, alikufa katika ajali ya gari. Cushing alipata habari asubuhi, na siku hiyohiyo akaingia kupasua. Watu waligawanyika juu ya jambo hilo, wengine wakiona ushujaa, wengine moyo wa jiwe.

Miezi 4 baadaye likaja badiliko kubwa. Kulikuwa na mtu wa fizika pale Harvard, William Bovie, aliyetengeneza mashine ya umeme yenye kukata nyama na kukausha mishipa palepale. Tarehe 1 mwezi wa 10 mwaka 1926, Cushing aliitumia juu ya mgonjwa ambaye siku chache mbele alishindwa kumtolea uvimbe juu ya damu nyingi. Safari hii uvimbe ulitoka. Mwanzo haukuwa bila hatari. Siku moja umeme ulipita kwenye chombo cha chuma ukampiga Cushing mwenyewe mkononi. Siku ingine mvuke wa eteri uliwaka. Lakini aliendelea, na akawaita wagonjwa wa zamani ambao aliwafunga bila kumaliza, akawamalizia. Bisturi ya umeme inayotumiwa leo katika lopitali zetu kubwa, mwanzo wake ni pale. Inasemekana Bovie aliuza haki zake kwa dola 1.

Umeme haukushinda kila kitu. Mwaka 1927 Leonard Wood alirudi, uvimbe umeota tena, mguu na mkono wa kushoto havina nguvu. Wakati huu alikuwa gavana wa Ufilipino. Cushing alipasua kwa masaa mengi, akataka kumaliza yote siku moja. Usiku damu ikatoka ndani ya ubongo. Tarehe 7 mwezi wa 8 Wood akafa. Cushing aliumia sana, akajilaumu kwamba angepaswa kusimama na kungoja, kama mwaka 1910.

Kufikia mwisho wa miaka hiyo ya 1920, aliacha pia njia ya pua. Taa ya kichwani haikutosha, shimo lilikuwa jembamba, na damu ikitoka kule chini ilikuwa vigumu kuifikia. Kwa bisturi ya umeme, kupita juu kulionekana salama zaidi, na macho ya wagonjwa yalipona vizuri. Karibu dunia nzima ikamfuata, na njia ya pua ikakaribia kusahauliwa.

Haikufa kwa sababu ya mwanafunzi mmoja. Norman Dott, Mskoti, alikaa Boston na Cushing mwaka 1923 na 1924, akarudi Edinburgh akaendelea kupita puani. Dott huyohuyo, mwaka 1931, alikutana na mgonjwa aliyepasuka mshipa chini ya ubongo. Alichukua msuli kutoka kwenye paja la mgonjwa, akauzungushia mahali palipopasuka, akashikilia. Damu ikasimama na mgonjwa akaishi miaka mingi. Gérard Guiot wa Paris alijifunza njia ya pua kwa Dott, Jules Hardy wa Montréal akajifunza kwa Guiot, na miaka ya 1960 Hardy akaongeza mikroskopi. Mwanga ambao Cushing aliukosa ukafika.

Leo njia ya pua ndiyo ya kawaida kwa ipofizi, tena kwa kamera nyembamba. Kabla ya kuingia, skana inaonyesha karotidi ziko wapi, kwa sababu kuna watu ambao mfupa unaozifunika ni mwembamba sana ama haupo, na kuna wengine ambao mishipa hiyo miwili imekaribiana kuliko kawaida. Kutoboa karotidi ni jambo la nadra, chini ya mtu 1 kwa 100 katika upasuaji wa kawaida wa ipofizi, zaidi kwa uvimbe mkubwa wa sakafu ya fuvu. Likitokea, mmoja anavuta damu kwa bomba kusudi mwenzake aone, mtu wa dawa ya usingizi anaongeza damu na kuzuia tansio isishuke kupita kiasi, na kinachowekwa juu ya tundu ni msuli wa mgonjwa mwenyewe, uliopondwa, ukakandamizwa kwa dakika kadhaa. Huko Adelaide, Australia, waganga wamejaribu vitu vingi juu ya kondoo, hata vile vya viwandani vya bei kali, na msuli uliopondwa ulifanya vizuri sana. Ni kile kipande cha mwaka 1911. Baada yake mgonjwa hapelekwi kitandani: anapigwa picha ya mishipa mara moja, kwa sababu tundu lililofungwa linaweza kutengeneza puto na kupasuka siku au wiki baadaye. Wakilikuta, wanapita ndani ya mshipa wenyewe na kuweka stenti, ama kuuziba kama upande wa pili unatosha.

Cushing hakuona hayo. Tarehe 15 mwezi wa 4 mwaka 1931 alipasua uvimbe wake wa 2000 wa ubongo, wasaidizi wakapiga picha za filamu. Mwaka uliofuata alieleza ugonjwa wa ipofizi unaovimbisha uso na tumbo huku miguu inakonda, nao unaitwa kwa jina lake. Mwaka huohuo alistaafu Harvard, kisha akarudi Yale kufundisha. Alikuwa amevuta sigara miaka na miaka, na yeye aliyelinda mishipa ya wengine alikuwa na mishipa iliyoziba miguuni, akitembea kwa maumivu, vidole vikioza.

Alikufa kwa moyo tarehe 7 mwezi wa 10 mwaka 1939, huko New Haven, akiwa na miaka 70. Waganga walipomfungua walikuta ndani ya ubongo wake uvimbe mdogo wa sentimita 1, ambao hakuwahi kujua kama anao. Vitabu vyake aliviachia Yale. Yale imetunza pia mamia ya chupa zenye ubongo wa wagonjwa wake, na tangu 2010 ziko wazi kwa watu kuangalia, pamoja na picha na majalada aliyoandika mwenyewe. Ubongo wa jenerali Wood uko kati yake.